Viatu vya Komunyo Vimeshonwa Wapi?

Msomaji mpenzi, siku utakapokwenda gulioni Dumila kumnunulia mtoto viatu vya Komunyo ya Kwanza, usiwe na haraka ya kutoa fedha. Shika kiatu kimoja, kigeuze, utazame soli, kisha utazame ndani pale kisigino kinapokaa. Hapo pamepigwa chapa maneno madogo. Kama macho yako yamechoka mpe mtoto mwenyewe akusomee. Mara nyingi atakuambia, "Baba, hapa pameandikwa China." Nenda sasa kwenye meza ya pili, ile ya tochi na redio, ushike betri uisome. Nayo imetoka mbali. Na kwa yule mama mwenye lundo la viatu vya mitumba utakuta ajabu nyingine: kiatu kilichotengenezwa Vietnam, kikavaliwa Ulaya mpaka kikatupwa, kikavuka bahari kikafufukia Dumila.

Je, nchi hii haina ngozi? Ng'ombe tunao wengi, tena makundi yao hupita mpaka kwenye mashamba yetu ya Kilosa, na magomvi yake tunayajua. Watu wa kufanya kazi tunao. Basi kwa nini kiatu cha mtoto wa Dumila kishonwe na mtu ambaye hatajua kamwe Dumila iko wapi?

Wengine watasema hayo ni maneno ya wakubwa wa biashara, sisi wakulima wa nyanya na mpunga yanatuhusu nini. Yanatuhusu sana. Kijana wako ameshaanza kuutazama mji. Amesikia kwamba Morogoro kuna kazi ya kiwandani, kazi ya kivulini, mshahara kila mwisho wa mwezi. Pengine ameshaipata, na sasa anakupigia simu kila Dominika jioni akikusihi uuze kile kipande cha shamba karibu na mto Mkundi ili anunue kiwanja mjini. Kabla hujamjibu, hebu tufikiri pamoja juu ya viwanda, namna vinavyokuja na namna vinavyoondoka.

KIWANDA CHA KIHONDA

Tuanze karibu. Ukipanda basi Dumila kwenda Morogoro, mwendo wa kilomita kama 70, kabla ya kufika Msamvu unapita Kihonda. Wazee wanakumbuka jinsi Serikali ilivyojenga viwanda mjini Morogoro katika miaka ya 1970 na mwanzo wa miaka ya 1980: cha ngozi, cha turubai, cha vitambaa, na kile kilichosifiwa kuliko vyote, kiwanda cha viatu. Fedha zake zilikuwa mkopo wa Benki ya Dunia. Mashine zilizofungwa ziliweza kutoa jozi milioni 4 kwa mwaka. Na jozi hizo hazikukusudiwa kwa miguu yako wewe. Mpango ulikuwa kwamba katika kila jozi 10, kama 8 hivi ziuzwe Ulaya.

Ngozi yetu, mikono yetu, miguu ya Wazungu. Kwenye karatasi lilikuwa jambo zuri, maana nchi ilihitaji fedha za kigeni. Lakini jengo lenyewe lilikuwa kama limetengwa kwa nchi ya baridi, kuta za aluminiamu na hewa haipiti vizuri, na jua la Morogoro mnalijua! Mashine zikaharibika. Vipuri vikatakiwa kutoka ng'ambo, na fedha za kuvinunulia ndizo zile ambazo kiwanda kilitakiwa kuzileta. Ngozi nzuri hazikutosha, dawa za kuzitengenezea hazikutosha, wasimamizi wenye ujuzi walikuwa wachache. Kiwanda hicho hakikupata hata siku moja kufanya kazi ipasavyo; viatu vilivyotoka havikufikia sehemu 5 katika kila 100 ya vile vilivyotazamiwa. Vya kuuza Ulaya havikupatikana. Mwaka 1990 kilifungwa. Mlango ulifungwa, lakini deni halikufungwa. Deni la namna hiyo hulipwa na watu wote, pamoja na wewe unayenunua chumvi.

Ni haki kusema kwamba si kila kiwanda cha wakati ule kilikufa. Kile cha vitambaa, Polytex, kiliuzwa kwa wafanyabiashara kikaendelea kufuma chini ya jina jipya la 21st Century. Siwaambii kwamba Morogoro hakuna kazi. Nawaambia kwamba kiwanda cha viatu kilijengwa kwa kumtazama mnunuzi wa mbali, na mnunuzi wa mbali hakuja.

WAZUNGU NAO HAWAKUPONA

Watu wengi huku kwetu hudhani kwamba taabu ya viwanda kufungwa ni ya Mwafrika peke yake. Sivyo. Chukua viatu vya Bata, ambavyo babu zetu walivijua na shule nzima zilivivaa. Kampuni ile ilianzishwa mwaka 1894 na Tomáš Baťa pamoja na ndugu zake katika mji mdogo wa Zlín, katika nchi iitwayo leo Ucheki. Ilipokua ilikwenda nchi nyingine, na kila ilikokwenda ilipenda kujenga kijiji kizima kuzunguka kiwanda: nyumba za wafanyakazi, shule, duka, uwanja wa mpira. Uingereza ilijenga East Tilbury katika miaka ya 1930, si mbali na London. Kanada ilijenga mwaka 1939, na kijiji chenyewe kikapewa jina la kampuni, Batawa. Hapa Afrika Mashariki iliweka kiwanda chake Limuru, Kenya.

Mtoto wa Batawa alizaliwa katika nyumba iliyojengwa na kampuni, akasoma shule iliyojengwa na kampuni, akaingia kiwandani alimoingia baba yake. Nani angefikiri kwamba yote hayo yanaweza kuondoka? Lakini kiatu kilichoshonwa Kanada, kwa mshahara wa Kanada, kilikutana dukani na kiatu kilichoshonwa Asia kwa mshahara mdogo. Mama wa Kanada alivishika vyote viwili mkononi, akatazama bei, akachukua cha rahisi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kiwanda cha Batawa kikafungwa. Mwanzoni mwa karne hii kikafuata cha East Tilbury. Nyumba zipo hata leo. Kazi ndiyo iliyoondoka.

Msimhukumu haraka mama yule wa Kanada, maana wewe nami ndivyo tufanyavyo gulioni. Betri zilizo katika redio yangu nilizichagua kwa bei, wala sikuuliza ni nani aliyepoteza kazi ili zifike kwangu.

JIRANI ZETU WA KENYA

Na tukizitaja betri, wengi wenu mnaikumbuka ile ya Eveready yenye picha ya paka. Ilikuwa ikitengenezwa Nakuru, katika kiwanda kilichokuwapo tangu miaka ya 1960. Wazazi walisomesha watoto kwa kiwanda kile. Lakini betri za bei ya chini ziliingia kwa wingi kutoka ng'ambo, nyingine za bandia kabisa, na watu nao wakaanza kutumia taa za jua na tochi za simu. Mwaka 2014 kampuni ikafunga mitambo ya Nakuru. Jina halikufa, wala paka hakufa. Kampuni iliendelea kuuza betri, ila sasa ikiziagiza zikiwa tayari zimetengenezwa nje. Aliyekufa kikazi ni yule aliyekuwa akisimama penye mtambo.

Mwaka ule ule wa 2014, Nairobi, ikatangazwa kufungwa kwa kiwanda cha Cadbury, watengenezaji wa kakao na chokoleti ya kunywa. Watu kama 300 wakaachishwa kazi. Vile vinywaji viliendelea kuonekana madukani, lakini vingi vikitoka Misri, ambako wenye kampuni walikuwa na kiwanda kingine kikubwa zaidi. Misri na Kenya zimo pamoja katika umoja wa biashara uitwao COMESA, na bidhaa za nchi hizo huingia bila kutozwa ushuru. Kwa hiyo mwenye kampuni alijiuliza swali jepesi: kwa nini niwe na viwanda viwili, ikiwa kimoja kinatosha kulisha nchi zote? Umoja wa nchi uliofanywa ili tuuziane ndio pia uliomwezesha kufunga Nairobi. Mambo ya biashara yana pande mbili kama kisu.

Mwaka 2016 ikafika zamu ya matairi. Kampuni ya Sameer, iliyotengeneza matairi ya Yana huko Nairobi, ilisimamisha kiwanda chake ikasema itatengenezesha matairi hayo hayo China na India, kisha iyalete kuyauza. Mamia ya watu walipunguzwa. Madereva wa malori wanaolala Dumila njiani kwenda Dodoma walilifahamu jina la Yana. Jina walilisoma vile vile kwenye mpira. Mahali pa kutengenezewa ndipo palipobadilika.

MNUNUZI WA NYANYA

Mambo haya yanaweza kuonekana mazito, lakini mtu wa Dumila anayajua kuliko karani wa mjini. Wewe unalima nyanya. Mnunuzi anakuja na lori kutoka Dar es Salaam, anakusifu, anakuita mjomba, anakunywa chai nyumbani kwako. Msimu mmoja anapata habari kwamba Ilula, kule Iringa, tenga linauzwa kwa bei ndogo kuliko lako. Wiki ile humwoni. Unapiga simu, haipokewi. Je, amekuchukia? Hakuchukii hata kidogo. Alikuja kwa sababu ya bei na ameondoka kwa sababu ya bei. Kitovu chake hakikuzikwa Dumila.

Mwenye kiwanda ni mnunuzi wa namna hiyo, ila yeye ananunua kazi ya mikono. Anapiga hesabu ya mshahara, hesabu ya umeme, hesabu ya siku ambazo umeme unakatika na mitambo inalala huku watu wanalipwa. Anahesabu kodi, bandari, barabara, ngozi ama pamba atakayoinunua. Anahesabu pia ukubwa wa kiwanda, maana mtambo mkubwa ukitoa viatu vingi, gharama ya kila kiatu inashuka, na hapo ndipo China ilipotushinda wengi. Akikuta jumla ya hesabu ile ni ndogo mahali pengine, na meli ya kuvileta vitu ni rahisi, anahama. Tangu dunia ilipoanza kusafirisha mizigo katika makontena, sanduku moja la chuma kutoka kiwandani China linashushwa bandarini Dar es Salaam bila kufunguliwa njiani, na gharama ya safari ikigawanywa kwa viatu vyote vilivyomo, kila kiatu kinabeba sehemu ndogo tu ya gharama hiyo.

Wako watu wanaosema dawa ni mshahara mdogo: tukikubali kulipwa kidogo zaidi, viwanda vitakuja na vitakaa. Mimi siamini, na sababu yangu ni Hawassa. Huko Ethiopia, mwaka 2016, Serikali ilifungua eneo kubwa la viwanda vya nguo katika mji huo. Kampuni za Marekani na Asia zikaja. Wasichana wengi wakatoka vijijini, watoto wa wakulima kama wako, wakaanza kushona kwa mshahara wa kuanzia wa kama dola 26 za Marekani kwa mwezi, na wachunguzi walioulinganisha na mishahara ya nchi nyingine zinazoshona nguo waliukuta kuwa wa chini kabisa. Bei hiyo ilikuwa ndogo ya kutosha, sivyo? Lakini nguo zile zilikuwa zikiingia Marekani bila ushuru kwa sheria iitwayo AGOA. Vita vilipotokea Tigray, Marekani ikatangaza kuiondoa Ethiopia katika sheria hiyo kuanzia tarehe 1 Januari 2022. Hata kabla siku hiyo haijafika, mwezi Novemba 2021, kampuni ya PVH, moja ya zile zilizotangulia kufika, ikafunga kiwanda chake cha Hawassa. Miaka mitano! Mnazi ulioupanda mwaka uliofunguliwa eneo lile ulikuwa haujazaa vizuri.

Wasichana wale hawakuwa wavivu. Walipoteza kazi kwa sababu ya vita vya mbali na mji wao na sahihi iliyowekwa Washington.

NA MKONGE WETU

Kuna wazee wa Kimamba na Rudewa watakaoniambia, "Mwandishi, mbona umezunguka dunia nzima, na hapa kwetu kazi iliondoka mchana tukitazama?" Kweli. Mkonge wenyewe ulikuwa mgeni. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliuleta kutoka Amerika kwa kupitia Hamburg, na katika miche 1,000 iliyoanza safari, iliyofika pwani yetu ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Kutokana na hiyo ndipo yalipotokea mashamba yote makubwa, ya Tanga na ya Kilosa. Mwaka 1964 Tanzania ilitoa tani zaidi ya 230,000, na hakuna nchi iliyotushinda. Watu walitoka mbali kuja kukata mkonge, na wajukuu wao ndio majirani zetu leo.

Wakulima wa Ulaya na Marekani walikuwa wakifungia majani makavu ya ng'ombe kwa kamba ya mkonge. Kisha viwanda vya kwao vikaanza kutengeneza kamba ya plastiki, inayotokana na mafuta ya petroli, nayo ikauzwa kwa bei ya chini. Tukiongeza na makosa yetu wenyewe katika kuyaendesha mashamba baada ya kutaifishwa, basi kufikia mwaka 1990 tulikuwa tumeshuka chini ya tani 40,000. Hapa hakuna kiwanda kilichopakiwa melini. Kazi yenyewe ndiyo iliyohama, kutoka kwenye jani la Kimamba mpaka kwenye pipa la mafuta.

Lakini tazama jambo moja. Wakata mkonge waliokuwa na shamba la mahindi kando ya kambi, au waliooana na watu wenye ardhi, walibaki wakala. Waliotegemea posho peke yake ndio tuliowaona wakihangaika njiani na magodoro.

SASA KIJANA ANAPIGA SIMU

Turudi basi kwenye ile simu ya Dominika. "Baba, nimeandikwa kazi ya kudumu. Uza lile la Mkundi, tununue kiwanja Kihonda."

Usimjibu kwa hasira, wala usimwambie arudi nyumbani. Kazi ya kiwandani ni kazi ya heshima, na anajifunza mambo ambayo jembe halifundishi: kufika kwa saa, kutengeneza mtambo, kusoma hesabu ya mzigo. Mshahara wake umemlipia mdogo wake ada. Mwache afanye kazi, tena afanye vizuri.

Ila juu ya shamba, mwambie hapana, na umweleze sababu. Kwanza, huenda si lako kuliuza. Kwa Waluguru na kwa Wakaguru ardhi ya ukoo hufuata upande wa mama, na mjomba wake ana neno. Vijana wa leo hucheka mambo haya. Lakini mila hiyo imewazuia wengi wasifanye biashara ya siku moja na kuijutia miaka thelathini. Pili, mfanyie hesabu.

Tuseme mshahara wake ni shilingi 260,000 kwa mwezi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema mtu aliyefanya kazi mwaka mzima au zaidi, akiachishwa kwa sababu kiwanda kinapunguza watu, alipwe kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka aliomaliza. Kwa mshahara wake, siku 7 ni kama shilingi 60,000. Amefanya miaka 10? Ni shilingi 600,000. Amefanya miaka 15? Bado sheria inamlazimisha mwajiri alipe 600,000 tu, kwa maana haihesabu zaidi ya miaka 10. Ujana wote kwa fedha isiyofika mishahara mitatu! Mwajiri mwema anaweza kutoa zaidi, na chama cha wafanyakazi kinaweza kudai zaidi, lakini hicho ndicho kiasi cha chini cha sheria. Mwulize sasa: kwa 600,000 atalinunua tena shamba la Mkundi, lenye maji karibu na barabara ya lami? Hata robo yake hapati.

Ukimaliza hesabu hiyo, mpe na haya ayashike, kwa sababu wengi hupoteza haki zao kwa kutozijua.

Asikubali kufanya kazi bila mkataba wa maandishi. Katika mkataba pawe pameandikwa aliajiriwa wapi. Jambo hili linaonekana dogo, lakini sheria inamtaka mwajiri anayemwachisha mtu amrudishe pamoja na mizigo yake mahali alipoajiriwa, au amlipe nauli. Kijana aliyejipeleka mwenyewe mpaka langoni Kihonda akaandikwa pale pale, nauli ya Dumila ataitafuta mwenyewe.

Aulize kila baada ya miezi michache kama michango yake inafika NSSF. Mchango wote ni sehemu 20 katika kila 100 ya mshahara, na yeye hakatwi zaidi ya 10. Zilizobaki hutolewa na mwajiri. Kuna waajiri wanaomkata mtu kila mwezi na fedha haifiki. Mtu huligundua hilo siku kiwanda kimekwisha fungwa na mwenyewe yuko kwenye ndege. Michango ikiwa imefika, inamsaidia pia kudai fao la kukosa ajira, lililowekwa na sheria ya mwaka 2018.

Siku atakaposikia minong'ono ya kupunguza watu, asingoje tangazo ukutani. Sheria inamtaka mwajiri anayekusudia kupunguza watu aseme mapema, aeleze sababu, na akae na chama cha wafanyakazi, mathalani TUICO, au na wafanyakazi wenyewe kama chama hakipo, wazungumze: je, yako mambo ya kufanya ili watu wasipunguzwe? Kama hapana budi, watachaguliwaje, na watalipwa nini? Mwajiri akiwaita asubuhi na kuwafungia lango mchana, hakufuata sheria. Hapo kijana aende Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, mjini Morogoro, nayo humsikiliza bila yeye kuwa na wakili. Lakini asikae nyumbani akilia mwezi mzima: anayedai kwamba ameachishwa isivyo haki ana siku 30 tu za kupeleka shauri lake. Wengi hufika siku ya 40 na barua nzuri sana mkononi, wakaambiwa wamechelewa.

Zaidi ya kiinua mgongo adai mshahara wa siku alizofanya, likizo ambayo hakuichukua, na taarifa ya siku 28 au malipo yake kama alikuwa akilipwa kwa mwezi. Adai pia cheti cha utumishi. Cheti hicho hakina fedha, na kwa sababu hiyo watu hukiacha mezani. Lakini kiwanda kinachofuata kitamwuliza amefanya nini na wapi.

Na mama wa nyumba, neno hili ni lako, maana katika nyumba nyingi ni wewe unayejua karatasi ziko wapi. Kijana akija Krismasi, mwambie aje na mkataba wake na stakabadhi za mishahara. Zipigeni nakala pale stendi Dumila. Yeye arudi na zake mjini, ambako vyumba vya kupanga huvuja na huibiwa, na nakala moja ikae kwako, katika sanduku lile lile lenye vyeti vya ubatizo, juu, mahali ambapo panya hawafiki.